Mtu na Kipande Chake

Kwa nje kipande kilikuwa kikasha cha bati chenye kamba ya kuning'inizia shingoni. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa: jina la mwenyewe, kabila lake, wilaya yake, alama za vidole vyake, kisha safu za mwajiri, ameanza kazi lini, mshahara wake kiasi gani, ameondoka lini. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele anayofungwa mbuzi, na hapo hapakuhitajika mshairi wa kuongeza neno.

Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa nchini Kenya mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha. Wanaume wale wale ambao ingewafunga kamba walibebeshwa kwanza mizigo ya jeshi kwenda kupigana na Wajerumani, na wengi hawakurudi. Ikaja kutekelezwa kwa dhati kati ya 1919 na 1920. Ilimhusu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16. Mzungu haikumgusa. Mhindi haikumgusa. Mwanamke wa Kiafrika naye haikumgusa, na asije mtu akadhani ni kwa heshima: aliyekuwa akisakwa ni kibarua wa shamba la mlowezi, na kibarua huyo, katika fikra za serikali, alikuwa mwanamume.

Tukiisimulia habari hii leo husimulia fedheha ya kamba shingoni, na fedheha ilikuwapo kweli. Lakini mimi ninachoganda nacho ni ile safu ya mwisho, ya tarehe ya kuondoka. Bila mwajiri kuijaza na kutia saini, kibarua hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Aliyekimbia kwa sababu amecharazwa viboko, aliyeondoka kwa sababu hajalipwa, aliyekwenda kumzika mama yake akakawia kurudi: mbele ya sheria wote walikuwa watoro. Na mtoro, hata akikitupa kipande chake mtoni na kujipa jina jipya akifika Nakuru, vidole vyake vilikuwa vimetunzwa Nairobi vikimngoja.

Werevu wa mpango ulikuwa hapo. Tangu zamani mtu aliyeangukia kwa bwana mbaya alikuwa na dawa moja, nayo ni miguu yake. Habari za bwana mbaya zilisambaa, vibarua wakamkwepa, ikambidi aongeze mshahara au alime mwenyewe. Kipande kiliikata dawa hiyo. Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, waliweza kufanya hivyo kwa sababu mtu asiyeweza kuondoka hana cha kupatania bei. Kwa hiyo ukisikia kipande kilikuwa hati ya utambulisho, usikubali haraka. Hakikuulizia mtu ni nani. Kiliulizia ni wa nani.

Ujuzi wenyewe wa vidole haukuzaliwa Kenya. Ulitoka Bengal, ambako mwaka 1858 ofisa wa Kiingereza, William Herschel, alimtaka mkandarasi mmoja apige chapa ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana baadaye. Mwishoni mwa karne hiyo, Calcutta, Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walimsaidia mkuu wao Edward Henry kubuni namna ya kuzipanga alama hizo ili moja ipatikane upesi kati ya maelfu. Mfumo ukabeba jina la Henry, kama ilivyokuwa desturi. Ukafika Afrika Kusini, ukaingia migodini, na Agosti 1908 Gandhi na wenzake wakachoma vyeti vyao vya usajili nje ya msikiti mjini Johannesburg. (Gandhi wa miaka ile naye alikuwa na maneno yake machafu juu ya Waafrika, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Ninachotaka kionekane katika safari hii ndefu ni kitu kimoja. Kule Uingereza vidole vilichukuliwa vya wahalifu. Huku kwetu vilichukuliwa vya watu wote wa rangi fulani, kabla hajakosa yeyote.

Harry Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Mwaka 1921 akaanza kukusanya watu Nairobi dhidi ya kodi, dhidi ya kupunguzwa kwa mishahara, dhidi ya wasichana kupelekwa kwa nguvu mashambani, na dhidi ya kipande. Machi 14, 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikuwa umejaa nje ya kituo cha polisi, wazee wakitaka watu watawanyike, na mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akasimama kuwasuta wanaume waliokuwa wakianza kugeuza visigino. Askari wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk Hotel, ng'ambo ya barabara, wanasimuliwa kuwa nao walifyatua. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21; hesabu za Waafrika zilikuwa kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Huyu hakuwa na kipande wala hakutakiwa kuwa nacho. Aliyemfia Thuku siku ile hata kwenye daftari la watoro hakuwamo.

Sasa tusogee hadi mwaka 1947, maana hapa ndipo jambo linapovuliwa nguo. Vita vya Pili vimekwisha, Waafrika waliopigana Burma wamerudi na masikio mapya, na serikali ya Nairobi imeona kipande cha rangi moja hakiwezi tena kutetewa bila kelele. Ikatunga sheria ya kusajili wanaume wa rangi zote, Mzungu, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika, kila mmoja na vidole vyake. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Walowezi waliposikia wao nao watapakwa wino, moto ukawaka: mikutano, barua magazetini, malalamiko kwamba Mwingereza hafanywi mhalifu katika nchi aliyoijenga. Tume ikaundwa. Mwishowe ikapatikana njia ya katikati: mwenye uwezo wa kujaza fomu kwa Kiingereza angeweza kuleta picha na saini yake badala ya vidole.

Kelele zile zina faida moja kwetu. Kwa zaidi ya robo karne Waafrika walikuwa wakisema kipande ni matusi, wakijibiwa kwamba ni utaratibu wa kawaida wa utawala, tena kinawalinda wenyewe wasidhulumiwe mishahara. Wino ule ule ulipokaribia vidole vyeupe, hakuna aliyehitaji kuelezwa kuwa ni matusi. Walijua siku zote. Mtu aliyekerwa na kitu akifanyiwa yeye hawezi tena kudai kwamba hakujua kinavyouma alipokuwa akiwafanyia wengine, na ushahidi huo waliuandika kwa mikono yao wenyewe.

Halafu Hali ya Hatari ikaharibu hata nusu haki ile. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapewa vitabu vya pasi vya peke yao. Alfajiri ya Aprili 24, 1954 jeshi likauzingira mji wa Nairobi, likawapanga watu mstarini mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia kutoka kichwani, matundu mawili ya macho tu. Gunia likitikisa kichwa, mtu anapanda lori. Makumi ya maelfu walipelekwa vizuizini kwa njia hiyo.

Nchi jirani zilikuwa na zao, nami nitazipita upesi. Wajerumani kule Usambara waliwahi kuwapa watu kadi za siku 30 za kazi kwa mlowezi, zikakaguliwa kama zimejaa. Wabelgiji Rwanda, miaka ya 1930, waliandika kwenye kitambulisho Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kadi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ikiombwa vizuizini barabarani mwaka 1994, na waliosoma habari za miezi ile wanajua mtu alikufa kwa neno lililoandikwa pale. Msomaji wa Tanzania anaweza kujipongeza kwamba kwao watu waliishi miongo mingi baada ya uhuru bila kitambulisho cha taifa. Ni kweli, na ni jambo la kuonea wivu. Lakini aulize wazee wa Dar es Salaam kuhusu Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walipodakwa mitaani kwa kutokuwa na kadi ya kazi wakapakiwa kwenda kulima. Serikali ile ilikuwa ya wananchi, yenye nia ambayo wengi waliiamini. Na bado mkono ulikwenda pale pale ulipofundishwa kwenda.

Nilikozaliwa mimi, Mombasa, kadi ya serikali bado inaitwa kipande na vijana ambao hawajui kamba wala bati. Wanawake waliingizwa sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo mke alisafiri, akapanga chumba, akafungua hesabu ya benki kwa jina la mwanamume fulani. Wengi wao walikipokea kwa furaha na siwalaumu. Kadi leo ni laini ya simu, ni M-Pesa, ni kura, ni mkopo, ni maiti kutolewa mochari. Sina ugomvi na kadi. Nchi nyingi duniani zina kadi, na baadhi yake watu wake wanaishi kwa raha. Ugomvi wangu ni na nani anatakiwa kuthibitisha nini, na kwa nani.

Simama getini kwenye jengo lolote la ofisi la maana mjini Nairobi. Kuna meza, kuna daftari kubwa la mistari, kuna kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibwe. "Kitambulisho." Askari anaandika jina, namba ya kadi, namba ya simu, unakwenda kwa nani, saa ngapi. Kadi yenyewe anaitia kwenye kisanduku chenye vishubaka vya namba, anakupa beji ya plastiki iliyochubuka. Sijawahi kumwona mtu akilisoma daftari lile. Likijaa linaletwa jingine. Siku moja nilikuwa nainama niandikwe, kijana wa Kizungu mwenye kaptula na kandambili akaja nyuma yangu, akamsalimu askari kwa bashasha, akapita moja kwa moja hadi kwenye lifti. Askari alinitazama. Nilimtazama. Tulielewana vizuri kabisa, kisha akaniuliza, "Kaka, namba ya simu ni ngapi?"

Yule askari hana kosa la kushtakiwa. Amesimama pale tangu alfajiri kwa mshahara ambao akiulizwa huenda akaona haya kuutaja, na yeye mwenyewe akienda jengo la pili anaacha kadi yake kwenye kishubaka. Anachojua ni kile ambacho taasisi nzima inajua bila kuandikwa popote: kuna nyuso zinazotazamiwa kuwa zimefika zinakokwenda, na kuna nyuso zinazotakiwa kwanza zieleze zimetoroka wapi.

Na kati ya sisi tunaoulizwa, wapo wanaoulizwa mara mbili. Hapa hatuna tena ukoloni wa kujificha nyuma yake, maana waliofanya haya ni sisi. Wanubi wa Kibera ni uzao wa askari Wasudani ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 na ambao baadaye wakawa jeshi la mfalme wa Uingereza katika Afrika Mashariki. Walipewa pa kukaa pembeni mwa Nairobi. Mwaka 1918 ardhi hiyo ikatangazwa rasmi, ekari 4,197. Hati miliki hawakupewa. Uhuru ulipokuja, serikali mpya ikawatazama kama mali iliyosahauliwa na mpangaji aliyehama. Kijana wa Kinubi akifikisha miaka 18 hakupeleka tu cheti cha kuzaliwa kama kijana wa Nyeri. Alipelekwa mbele ya kamati ipige msasa ukoo wake, babu alizaliwa wapi, na bibi je, nani mzee wa kushuhudia. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto iliamua kuwa Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii ikapata hati ya ekari 288. Fanya hesabu mwenyewe.

Wasomali wa Kenya walikuwa na lao. Novemba 1989 serikali iliamuru wapigwe msasa wote, na waliofaulu wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ya kuithibitisha kadi ya kwanza. Raia akawa na kipande cha kukidhamini kipande. Februari 2025 rais alisimama Wajir akatangaza kuwa kuwahoji watu wa kaskazini zaidi ya wenzao kumekoma. Yaani miaka sitini na kitu baada ya uhuru lilikuwa bado ni jambo la kutangazwa jukwaani, likapigiwa makofi.

Kisa kinachonikaa zaidi, pengine kwa kuwa ni cha kwetu pwani, ni cha Wapemba. Tazama ramani ya miaka ya 1930. Ukanda wa pwani ya Kenya kwa sheria ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiukodi. Bendera nyekundu ilipepea Mombasa hadi Desemba 1963. Mvuvi aliyetweka tanga Pemba akafuata samaki hadi Vanga hakutoka katika milki ya Sultani. Alihama ufuo, basi, kama ndugu zake walivyofanya tangu kabla ya Mreno. Kisha mikataba ikatiwa saini London, mipaka ikapita juu ya vichwa vya watu walioketi wakishona nyavu, na asubuhi yake mvuvi yule akawa mgeni bila kusogeza dau. Watoto wake wakazaliwa wageni. Wajukuu pia. Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kwenye mkonge na miwa ya pwani walikuwa katika hali hiyo hiyo: uchumi wa kikoloni uliwataka hadi wakafika, dola huru haikuwa na safu ya kuwaandika. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kumwomba rais, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa kadi. Wapemba walisubiri hadi Julai 2023.

Nilifurahi kama wengine. Sherehe zilikuwa za haki, ngoma zilistahili. Lakini watu walioishi bila kadi kwa vizazi vitatu hawakukaa mikono mifukoni wakingoja, waliishi. Laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la jirani, ikawa jirani akihama au akikasirika, simu imekufa na pesa zilizomo. Samaki waliuzwa kwa leseni ya mwingine, naye akachukua fungu lake. Na mtoto wa kuandikishwa shule alitakiwa cheti cha kuzaliwa, cheti kikataka kitambulisho cha mzazi, basi akatafutwa Mdigo au Mgiriama mwenye moyo mwema, akakubali kuwa baba kwenye karatasi.

Mtoto huyo amesoma. Amefanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la baba wa karatasi, na shahada zake zote zinasoma hivyo. Leo ukoo wake una uraia, na anataka jina la baba yake mzazi lirudi mahali pake. Ofisi inamtaka hati ya kiapo, wakili, ada, na barua ya chifu. Kisha karani, kwa upole tu, bila nia mbaya yoyote, anamwomba alete kitambulisho cha baba huyo. Baba alikufa mwaka 2015.